Njia ya kutoka kambini kwenda chuoni

Uhusiano wa chuo kikuu na sare ya jeshi nchini Tanzania ulianza kwa ugomvi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam, enzi hizo chuo chao kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Walikuwa wanapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kubaki na asilimia 40 tu ya mshahara katika kipindi cha utumishi. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400 warudi makwao, na papo hapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe. Tangu siku ile, kila jeshi na chuo vinapotajwa pamoja, tunazungumzia safari ya upande mmoja: kijana wa kidato cha sita anayekwenda kambini. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013, na bado watu wanabishana kuhusu faida yake. Safari ya upande wa pili, ya askari aliyevua sare akataka kuingia darasani, haina anayebishana juu yake. Hakuna waziri anayeulizwa bungeni, hakuna makamu mkuu wa chuo anayeitolea ripoti.

Hoja yangu ni kwamba vyuo vyetu vina deni kwa wanajeshi wastaafu, na deni hilo halilipwi kwa sherehe. Taifa limekwishajua kufanya sherehe. Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa, silaha za asili na mashada vinawekwa mnarani, viongozi wanakaa kimya dakika moja, na makaburi ya Kaboya mkoani Kagera yanatukumbusha waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Hayo ni haki ya waliokufa na yaendelee. Lakini chuo kikuu kikiandaa nacho gwaride dogo, hotuba na chakula cha mchana, kitakuwa kimetoa kitu ambacho halmashauri yoyote inaweza kukitoa. Kitu ambacho chuo peke yake kinacho ni nafasi ya kusoma, cheti kinachotambulika, na uwezo wa kusema rasmi kwamba ujuzi alionao mtu huyu ni ujuzi halali. Huko ndiko heshima ya mstaafu aliye hai inapopimwa.

Tuelewane kwanza ni mstaafu gani ninayemsema, maana jeshini kuna wastaafu na wastaafu. Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeteuliwa mwaka 2016, Rais mstaafu Jakaya Kikwete, ni Luteni Kanali mstaafu. Hakuna ubaya wowote katika hilo, ila linaonyesha kwamba kwa afisa milango ipo: huenda alisoma chuo kikuu kabla ya kuvaa sare, na akiondoka jeshini na cheo kikubwa anaweza kuteuliwa kuwa balozi, mkuu wa mkoa au mwenyekiti wa bodi ya shirika. Ninayemsema ni koplo na sajenti. Huyu aliingia na cheti cha kidato cha nne, akafundishwa mawasiliano ya redio, ufundi wa magari mazito, uuguzi wa vitani au utunzaji wa bohari, akapelekwa Darfur, Lebanoni au Kongo, kisha akastaafu kwa kanuni za cheo chake akiwa na umri ambao mtumishi wa kawaida wa serikali, anayeruhusiwa kufanya kazi hadi miaka 60, bado ana muda mrefu kazini. Kiinua mgongo kinaisha kwenye nyumba na ada za watoto. Baada ya hapo kazi iliyo karibu naye ni ulinzi. Si ajabu kumkuta mtu aliyewahi kuendesha mitambo ya mawasiliano ya kikosi kizima akiandika majina ya wageni kwenye daftari la getini, na huenda geti lenyewe ni la chuo.

Kuna nchi iliyolijaribu jambo hili kwa kiwango kikubwa, na matokeo yake yanajulikana vizuri. Tarehe 22 Juni 1944, wiki mbili baada ya majeshi yake kutua Normandy, Marekani ilipata sheria ya kuwarejesha askari uraiani, iliyosainiwa na Rais Franklin Roosevelt. Ilitoa hadi dola 500 kwa mwaka za ada, kiasi kilichotosha karibu chuo chochote cha wakati ule, pamoja na posho ya kujikimu iliyokuwa kubwa zaidi kwa mwenye familia. Tusiwapambe waliotunga sheria hiyo. Wengi walisukumwa na hofu. Mwaka 1932 wastaafu wa vita vya kwanza walipiga kambi Washington wakidai malipo waliyoahidiwa, na Jenerali Douglas MacArthur akawatawanya kwa mabomu ya machozi na vifaru huku vibanda vyao vikiteketea. Hakuna aliyetaka kuona watu takriban milioni 16 wakirudi kutoka vitani na kukuta hali ileile. Kwa hiyo hofu ilizaa busara. Wastaafu karibu milioni 7.8 walitumia sheria ile kusoma au kujifunza ufundi, na kati yao kiasi cha milioni 2.2 walikwenda vyuo vikuu. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wote wa vyuo vya Marekani walikuwa wastaafu wa vita.

Wakuu wa vyuo hawakushangilia. James Conant wa Harvard aliona sheria ile haichuji wenye uwezo na wasio nao. Robert Hutchins wa Chicago aliogopa vyuo vitageuka makazi ya watu wasio na pa kwenda. Ni pingamizi lilelile utakalolisikia leo kwenye korido za vyuo vyetu, kwamba askari ni mtu wa amri, darasani hatafika mbali. Wale wastaafu walikuja, wakasoma kwa bidii kuliko vijana waliotoka moja kwa moja sekondari, na Conant mwenyewe baadaye akakiri kwamba walikuwa miongoni mwa wanafunzi bora waliowahi kufika Harvard. Sioni muujiza hapo. Mtu mwenye mke, watoto na miaka aliyokwisha kuipoteza haji chuoni kutafuta jina kwenye siasa za wanafunzi. Anajua kila muhula unamgharimu nini.

Lakini mfano wa Marekani una kasoro, nasi tukiiga tuige kwa macho yaliyo wazi. Askari weusi walipigana vita ileile, wakarudi kwenye majimbo ya kusini ambako vyuo vya wazungu havikuwapokea, na vyuo vichache vya weusi vikalazimika kuwafungia mlango maelfu kwa kukosa nafasi. Haki iliyoandikwa kwenye karatasi iligota kwenye dirisha la udahili. Kasoro ya pili ni ya juzi tu. Baada ya sheria mpya ya mwaka 2008 kuongeza mafao, vyuo vinavyoendeshwa kwa faida viligundua kwamba kila mstaafu ni mfuko wa fedha za serikali unaotembea, vikawavuta kwa matangazo na baadhi vikawaachia vyeti visivyo na thamani kwa waajiri. Kanuni za fedha za vyuo hivyo zilikuwa na mwanya uliowafanya wastaafu kuwa bidhaa ya kuwindwa, na Bunge la Marekani liliuziba mwaka 2021, baada ya miaka mingi ya malalamiko. Yeyote anayefikiria mpango kama huu kwa Afrika Mashariki aanze na somo hilo: fedha zikitangulia usimamizi, wa kwanza kufaidika atakuwa mwenye chuo cha uchochoroni.

Kinachonivutia zaidi kwa Wamarekani si ukubwa wa fedha, ni utaratibu mdogo mdogo ambao hauonekani kwenye hotuba. Kila chuo kinachopokea wastaafu kina mtumishi mwenye jukumu la kuithibitishia serikali kwamba fulani amesajiliwa muhula huu, kwa masomo haya, ili malipo yatoke. Posho ya nyumba hukadiriwa kwa kiwango cha sajenti mwenye familia, kulingana na gharama za eneo chuo kilipo, kwa hiyo mtu hapangiwi maisha ya mvulana wa bweni. Na tangu miaka ya 1940 baraza la vyuo limekuwa likipitia kozi za kijeshi, moja baada ya nyingine, na kupendekeza kila kozi ihesabiwe kama masomo gani ya uraiani. Fundi wa redio haanzi sifuri. Wasomaji wenye ndugu Marekani wanalifahamu hili kwa karibu, maana vijana kadhaa wa Kenya na Tanzania wamejiunga na jeshi la huko, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha ya lugha za mpango maalumu wa kuandikisha wageni ulioanza mwaka 2009. Kuna Waswahili, basi, wanaosomeshwa kwa utumishi wao wa kijeshi. Wanasomeshwa na nchi nyingine.

Hapa kwetu tuangalie karatasi zenyewe. Fomu ya kuomba mkopo wa elimu ya juu inauliza kama wazazi wako hai, inataka cheti cha kifo kwa aliyefiwa, inataka mdhamini na mhuri wa serikali ya mtaa. Mwombaji anayefikiriwa na fomu hiyo ni mtoto wa mtu. Kwa miongozo ya miaka ya karibuni anatakiwa asizidi miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Sajenti wa miaka 44 aliyemaliza shule kabla simu za mkononi hazijaenea ameondolewa mara mbili kabla hajaandika jina lake. Bodi ya Mikopo haikufanya hivyo kwa kumdharau. Ilikuwa inapanga fedha chache kwa vijana wengi, na mstaafu hakuwa kwenye mawazo ya yeyote aliyekuwa mezani.

Upande wa ujuzi msingi upo, ila haujaunganishwa. VETA ina mpango wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi nje ya darasa, na fundi magari wa Gerezani ameshanufaika nao. Tume ya Vyuo Vikuu nayo ina utaratibu wa kumwezesha mtu mzima asiye na sifa za kawaida kufanya mtihani na kudahiliwa. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliundwa kwa ajili ya watu walio kazini. Na kabla ya hayo yote, Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka sekondari, kwanza afanye kazi. Azimio lile lilikuwa na matatizo yake, idadi ya wasichana ilishuka na masharti yakalegezwa baada ya miaka michache, lakini lilijaza Mlimani watu wazima waliokuwa wameshaonja kazi, na chuo hakikuanguka. Anayesema vyuo vyetu havina uzoefu wa kufundisha wanafunzi wenye mvi amesahau historia yetu wenyewe. Kilichobaki ni kazi ya mezani: maofisa wa Jeshi la Wananchi, wa VETA na wa Tume wakae na mitaala ya kozi za kijeshi zisizo za siri, waseme kozi hii ya umeme wa magari ni sawa na hatua fulani ya ufundi, na ile ya uuguzi inahesabiwa hivi. Ni kazi ya miezi, na gharama yake kubwa ni chai na posho za vikao.

Nasema VETA kwa makusudi. Katika hesabu ya Marekani niliyoitaja, waliokwenda vyuo vikuu hawakufika hata theluthi ya waliotumia haki yao. Wengi walichagua ufundi, kilimo na mafunzo kazini. Kumsukuma kila mstaafu kwenye shahada itakuwa kumtesa, na itakuwa pia kuendeleza ugonjwa wetu wa kudhani kwamba heshima inakaa kwenye joho.

Pingamizi zito ni la fedha. Kila mwaka wapo vijana wenye sifa wanaokosa mkopo, na anayeuliza kwa nini tumwongeze mzee kwenye foleni hiyo anauliza swali la haki. Jibu langu ni kwamba asiongezwe kwenye foleni hiyo. Tanzania imekuwa mchangiaji wa kudumu wa vikosi vya kulinda amani. Mwaka 2013 iliingia Kongo mashariki pamoja na Afrika Kusini na Malawi katika brigedi iliyopewa ruhusa ya kushambulia, na Desemba 2017 askari wake 15 waliuawa katika shambulio moja huko Semuliki. Kwa kila askari anayehudumu katika operesheni kama hiyo, Umoja wa Mataifa huilipa serikali husika zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi. Fedha hizo huingia serikalini, na ni serikali inayoamua askari apate kiasi gani. Asilimia ndogo ya malipo hayo ikiwekwa katika mfuko wa masomo wa waliohudumu, hakuna mwanafunzi wa miaka 19 atakayepunguziwa bumu. Itakuwa sehemu ya jasho lao imerudi kwao, kwa njia ambayo haiwezi kuliwa kwa wiki mbili.

Wengine watauliza kwa nini askari na si muuguzi wa Kigoma au mwalimu wa Nanjilinji, ambao nao wanalitumikia taifa kwenye mazingira magumu. Swali ni zuri. Siwezi kulijibu kwa kusema damu ya askari ni nzito kuliko jasho la muuguzi, maana siamini hivyo. Tofauti iko kwenye cheti. Muuguzi ana leseni inayotambulika, anaweza kuomba ruhusa ya masomo akapanda kutoka cheti hadi stashahada na shahada akiwa bado mwajiriwa, na akiacha serikali leo hospitali ya misheni itampokea kesho. Askari wa vyeo vya chini ujuzi wake umeandikwa kwa lugha ya jeshi, ndani ya jalada la jeshi, na siku anapokabidhi sare jalada linabaki kambini. Serikali ndiyo iliyomfundisha kwa gharama zake, kisha inaacha mafunzo hayo yafe. Hata asiyependa jeshi hata kidogo anaweza kuuona upotevu huo.

Kuna pingamizi la tatu ambalo wahadhiri hulisema kwa sauti ya chini, na lina mizizi halali. Vyuo vya Afrika vinajua maana ya dola kuingia kampasi. Nchi jirani zimeona askari wakivamia mabweni, na wanafunzi wa mwaka 1966 hawakuwa wendawazimu. Je, kuwaleta wanajeshi wastaafu si kuileta kambi chuoni? Yaweza kuwa hivyo, kama mpango utaendeshwa vibaya: kama wastaafu watapewa kazi za ulinzi juu ya wanafunzi wenzao, kama watavaa beji za vyeo vyao, kama alama zao za ufaulu zitashushwa kwa siri. Kwa sababu hiyo haki hii ni lazima iwe ya raia. Anayeingia ameshavua sare. Anafanya mtihani uleule, anasapu kama wengine, na akishindwa anadisko kama wengine. Wala kumpa nafasi si kuidhinisha kila vita aliyopelekwa. Mhadhiri anayeona uingiliaji wa Kongo ulikuwa kosa ana uhuru wa kusema hivyo darasani, na huenda kwa mara ya kwanza atasikilizwa na mtu aliyekuwa huko, mwenye la kumjibu. Mjadala kama huo ndio kazi ya chuo.

Ndani ya kampasi mahitaji ni machache, na mengi ni ya kawaida kiasi cha kuchosha. Mtu mmoja katika ofisi ya mlezi wa wanafunzi anayejua jalada la mstaafu, mwenye namba ya simu ya kitengo husika Makao Makuu, ili cheti cha utumishi kisitafutwe miezi mitatu. Ratiba inayomruhusu mwenye familia kusoma jioni. Mshauri nasaha anayejua kwamba asiyelala usiku, anayeshtuka mlango ukibamizwa, huenda ameleta kitu kutoka Kongo ambacho hakimo kwenye vyeti vyake vya hospitali. Na ajue pia kwamba wengi wako salama kabisa na hawataki kuangaliwa kama bomu. Na tafadhali, mwalimu asimsimamishe mbele ya darasa asimulie vita. Akitaka atasimulia mwenyewe.

Kenya imetangulia kwa kupitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022, ikampa mstaafu nafasi yake kisheria. Tanzania inaweza kufika huko, ila kutunga sheria huchukua muda, na mambo mawili hayahitaji kusubiri muswada. Tume na VETA zinaweza kuanza kuzipima kozi za kijeshi kwa mamlaka ziliyo nayo sasa. Na ukomo wa miaka 35 unawekwa na mwongozo wa mikopo, ambao hutolewa upya kila mwaka kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Kipengele kimoja kinachomtenga aliyelitumikia jeshi na sharti hilo, kikielekezwa kwenye mfuko wake mwenyewe, kingeweza kuwa ndani ya toleo lijalo.